Kishona Nguo Hakiogopi Chupa Mpya

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Berega



Leo tuongee juu ya kishona nguo. Kila mmoja wetu anakijua. Ua lake ni dogo, la njano katikati na jeupe pembeni. Mbegu zake nyeusi zinang'ang'ania nguo, nasi tunazibandua mpaka tunafika nyumbani. Mti mmoja tu waweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000.

Msimu uliopita mama mmoja alinijia. Akasema, "Mwalimu, nimepulizia dawa mara mbili kabla ya kupanda mahindi. Nyasi zimekufa. Kishona nguo kimesimama kinanicheka. Na hela ya madaftari ya watoto imeishia dukani."

Nikamwambia, "Mama, niletee chupa zote mbili." Akazileta. Majina yalikuwa mbalimbali, picha mbalimbali, hata rangi mbalimbali. Tukaketi, tukasoma yale maandishi madogo. Kumbe dawa iliyo ndani ni ile ile! Chupa zote ziliandikwa Glyphosate, yaani glaifosati. Mama amenunua kitu kimoja kwa majina mawili.

Kwa nini gugu linakataa kufa? Watu wanasema limezoea dawa. Sivyo hasa. Katika shamba lenye magugu maelfu, huenda machache yamezaliwa na nguvu ya kuishinda dawa hiyo. Ukipulizia, mengine yanakufa na hayo machache yanabaki. Yanatoa mbegu peke yao. Mwaka wa pili yanakuwa mengi. Ukirudia dawa ile ile miaka mingi, mwisho shamba zima ni watoto wa yale yaliyoshinda. Hilo ndilo gugu sugu.

Wazee mnakumbuka klorokwini. Ilitibu malaria miaka mingi, kisha vijidudu vya malaria vikawa sugu. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Njia ni ile ile.

Na kishona nguo kimekwisha kufanya hivyo kwa jirani zetu. Kule Kenya wakulima wa kahawa walitumia sana dawa iitwayo parakwati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wao wa kahawa waliandika kwamba kishona nguo kinaihimili dawa hiyo.

Lakini tusiharakishe kulaumu. Kwanza jiulize: Je, magugu yalikuwa makubwa mno? Je, nilitumia maji ya matope? Matope hupunguza nguvu ya glaifosati. Je, mvua ilinyesha mara baada ya kupulizia? Je, nilipima dawa kama ilivyoandikwa? Kama yote ulifanya sawa, na magugu mengine yamekufa ila aina moja imesimama, hapo shuku usugu.

Haya, tufanyeje?

Kwanza, gugu lililobaki baada ya dawa lisiachwe litoe mbegu. Ling'oe kwa mkono au kwa jembe likiwa bado changa. Kama mbegu nyeusi zimeshatoka, litie kwenye gunia ukalichome. Usilitupe njiani.

Pili, usibadilishe chupa, badilisha dawa. Soma jina la dawa iliyo ndani, uliandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe na shamba. Mwakani mwonyeshe bwana shamba daftari hilo kabla hujanunua. Angalia pia: dawa kama 2,4-D huua magugu ya majani mapana, na maharage, kunde, mbaazi na alizeti nazo ni majani mapana. Uliyechanganya mahindi na kunde, utaua kunde zako mwenyewe.

Tatu, usibebe mbegu. Kung'uta nguo na magunia kabla hujaingia shamba jingine. Panda kunde zitambae na kufunika ardhi, gugu likose jua.

Jambo moja la hatari. Parakwati ikinywewa, hata funda moja, yaweza kuua, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kamwe usitie dawa ya shamba kwenye chupa ya soda, wala usichotee maji kwa chupa yake.

Yule mama sasa ana daftari. Palizi iliyofuata aling'oa kishona nguo chote kilichobaki, yeye na wanawe, kwa siku tatu. Kazi ilikuwa ngumu, lakini hakununua chupa ya tatu.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili tusidanganywe na picha. Tusome basi na yale maandishi madogo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Leteni chupa tupu zilizooshwa na kufungwa. Ngapi zina dawa ya aina moja?
2. Je, kuna gugu kijijini lisilokufa kwa dawa? Tangu lini?
3. Nani atang'oa magugu ya kando ya njia kabla hayajatoa mbegu?