Kujenga Jina la Kahawa ya Karagwe na Kyerwa Akilini mwa Mnywaji

Mada kwa viongozi wa vyama vya msingi, wakulima, wakaangaji na wafungashaji wa kahawa

1. Utangulizi



Tukisikia neno chapa, wengi wetu hufikiria nembo, rangi za pakiti na tangazo la redioni. Hayo yana nafasi yake, ila huja mwishoni. Chapa ni kile anachotarajia mnywaji akiona jina, kabla hajaonja. Kwa kahawa yetu, matarajio hayo hujengwa au hubomolewa shambani na ghalani, na wabomoaji wakubwa wawili tunawafahamu: butura na magendo.

2. Somo kutoka Japani

Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa nchini Japani zinaruhusu jina Kilimanjaro litumike kwa arabika yote iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ile ya eneo la Bukoba. Kahawa ya Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka mlimani, inaweza kuuzwa Tokyo kwa jina la mlima. Arabika ya upande wetu wa Ziwa Viktoria imeachwa nje kwa maandishi. Robusta, ambayo ndiyo nyingi kwetu, haimo kabisa katika hesabu hiyo. Hata kahawa ya mchanganyiko haiwezi kubeba jina hilo mpaka angalau asilimia 30 iwe Kilimanjaro.

Jina likishakaa akilini mwa mnywaji, huwekewa mipaka na ulinzi kama mali yoyote. Na aliyeachwa nje ya jina la mwenzake hana budi kujenga lake.

3. Somo kutoka Ethiopia

Mwaka 2005 Serikali ya Ethiopia iliomba kusajili nchini Marekani majina Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa alama za biashara. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, na mvutano na kampuni ya Starbucks uliendelea hadi pande hizo mbili zilipokubaliana mwaka 2007. Ethiopia haikudai ada kwa kila pakiti. Ilitaka kampuni zikiri kwamba majina hayo yana mwenyewe. Lakini wanywaji walikuwa wanaifahamu Yirgacheffe kwa ladha yake kabla mwanasheria hajaandika chochote. Usajili hulinda sifa iliyopo, hauizai.

4. Tulipo sisi

Hatuanzi mikono mitupu. Karagwe imo katika maandishi ya wasafiri tangu Speke alipopokewa na mtawala wake, Mukama Rumanyika, mwaka 1861. Mkoani kwetu Kagera mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa pamoja na majani ya viungo kisha zikakaushwa. Tuna chama kikuu cha ushirika, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, chenye cheti cha Fairtrade.

Kinachotuangusha ni haya. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au matibabu huuza kahawa ikiwa bado mtini: hiyo ndiyo butura. Mnunuzi aliyekwisha kulipa ana haraka ya kurudisha fedha zake, hivyo tawi huvutwa lote, mbivu na mbichi, na mavuno huanikwa juu ya udongo. Ladha ya udongo na ukungu haiondolewi na pakiti nzuri.

Magendo nayo tumezoea kuyahesabu kwa ushuru uliopotea. Tuhesabu pia jina lililopotea. Gunia likivuka Mto Kagera kwa njia za panya, huko ng'ambo huchanganywa na kuuzwa kama kahawa ya Uganda. Mnywaji akiisifu, sifa inabaki Uganda. Hata hivyo, mkulima hafuati mpaka, anafuata bei na malipo ya haraka. Doria peke yake haitamrudisha chamani ikiwa malipo yetu yanachelewa.

5. Mapendekezo

(a) Ichumwe iliyoiva tu, ianikwe juu ya vichanja au maturubai, na unyevu ushuke hadi asilimia 12 hivi. Vyama vipokee kwa madaraja yenye bei tofauti. Bei ikiwa moja, anayechuma kwa uangalifu anambeba mzembe bure.

(b) Vyama vitafute mikopo midogo ya msimu, ili mwenye shida ya mwezi wa pili asilazimike kuuza maua.

(c) Kila gunia liwe na alama ya chama lilikotoka. Jina la Karagwe tunalibeba wote, kwa hiyo mawe yaliyotiwa katika magunia ya chama kimoja yanavichafulia vyama vyote. Lazima ajulikane aliyeyatia.

(d) Kwa soko la nje tubaki na jina moja, Karagwe, ingawa Kyerwa ni wilaya kamili tangu 2012. Mnunuzi wa mbali hawezi kujifunza majina mawili kwa mpigo. Jina la Kyerwa, Kaisho au Nkwenda liandikwe chini yake kama mahali halisi pa shamba.

(e) Mkaangaji asajili jina lake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Usajili wa alama ya biashara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Pakiti ionyeshe tarehe ya kukaanga, na iseme wazi kwamba ni robusta. Ladha ya pakiti ya kwanza ndiyo iwe ya pakiti ya mia.

(f) Tuanze na mnywaji wa hapa. Hoteli za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zimpe mgeni kahawa ya Karagwe kabla ya nyingine yoyote.

6. Hoja za majadiliano

Je, chama chako kiko tayari kukataa kahawa mbichi ya mwanachama wake, hata akiwa kiongozi? Fedha za mikopo ya msimu zitoke wapi: mfuko wa chama, benki, au mnunuzi mwenye mkataba? Na nani asimamie jina Karagwe kwa niaba ya wote, huku akiwa na uwezo wa kumnyang'anya anayelitumia vibaya?