Mpatanishi Hana Mteja

Tangu 2016, baadhi ya kesi za Mahakama ya Milimani, Nairobi, zimekuwa zikipelekwa kwa wapatanishi, na baadhi yao ni mawakili. Hapo ndipo penye mtihani. Wakili humtetea mteja wake. Mpatanishi hana mteja. Mjane anayegombania shamba na shemeji zake akimuuliza, "Mwanangu, nitie sahihi makubaliano haya?" mpatanishi hawezi kumjibu kama wakili wake. Ni vigumu, hasa mama huyo akiwa hana wakili na wenzake wanaye. Lakini mpatanishi anaweza kusimamisha kikao ili mama akatafute ushauri. Na mzozo ukirudi kortini, asimwakilishe yeyote kati yao: siri za pande zote mbili anazo kifuani.