Kiyoyozi Penye Umeme Mdogo
Mazungumzo na wakazi na wafanyabiashara wa Nzuguni, Dodoma



Kandokando ya stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, hata ndani ya mitaa yetu, wapo wenye kufanya kazi katika makontena na vibanda vya mabati. Ifikapo Oktoba, saa nane mchana, humo ndani hakukaliki. Mwenye duka hununua kiyoyozi, akavuta waya kutoka kwa jirani au akawasha jenereta dogo. Kiyoyozi huunguruma kidogo, taa hufifia, kisha kila kitu huzimika. Baada ya siku chache kompresa imeungua, na muuzaji husema dhamana haihusu umeme mbovu. Fedha imekwenda hivyo.

Dukani watu huuliza, "Ni BTU ngapi?" Sisi tungependa waulize kwanza kifaa hudai umeme kiasi gani kinapoamka.

Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikishatulia hutumia takriban wati 900, yaani ampea nne hivi kwa volti 230. Lakini kile cha mtindo wa zamani, ambacho kompresa yake ama huenda kwa nguvu zote ama huzima kabisa, huvuta mara tatu hadi sita ya kiasi hicho kwa nukta chache za kuamka. Jenereta lililoandikwa kVA 2.5 hutoa ampea kumi na kitu tu. Na hapa tulipo ni mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Muuzaji aliyeleta jenereta kutoka Dar es Salaam hana sababu ya kulifikiria hilo. Mnunuzi wa Dodoma anayo.

Kiyoyozi cha inveta huanza polepole na kupanda taratibu, kwa hiyo hakina mshtuko huo. Bei yake dukani ni kubwa zaidi, lakini penye umeme mdogo hatuoni sababu ya kushauri kingine. Msafiri mwenye gari la kulala anayepita hapa akitoka Iringa kwenda Arusha hufanya hesabu hiyohiyo.

Waya nao ni jambo zito. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ukivutwa mita 30 kutoka kwa jirani, hupoteza zaidi ya volti 30 kompresa inapovuta ampea 20. Kompresa iliyonyimwa volti haigeuki, husimama ikichemka. Waya wenyewe hupata moto, hasa sehemu iliyobaki imeviringishwa au iliyofunikwa na mkeka. Katika kontena lenye mlango mmoja, moto ukianzia mlangoni, aliye ndani hana pa kutokea. Kiyoyozi kiwe na waya wake mnene na swichi yake kutoka kwenye bodi, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Jenereta nalo likae nje, mbali na mlango na dirisha, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Wengine hutuuliza kuhusu sola. Betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 200, ikitumiwa hadi nusu ili isife mapema, hutoa uniti moja na kidogo tu. Kiyoyozi tulichokitaja huimaliza kwa muda wa saa moja na robo hivi.

Kwa umeme wa LUKU, saa sita kwa siku bila kompresa kupumzika ni uniti zaidi ya tano. Aliye katika kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti ya ziada, kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kabla ya kodi. Kiyoyozi peke yake humaliza uniti hizo 75 kwa siku 14.

Kwa hiyo punguzeni joto kabla ya kununua ubaridi. Paa lipakwe rangi nyeupe, dari iwekwe, kivuli kisimamishwe upande wa magharibi, matundu yazibwe. Kuna pia feni ya maji, ambayo kwa hewa kavu ya Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba hufanya kazi vizuri kwa umeme mdogo sana, mradi dirisha liwe wazi. Hunywa maji, nanyi mnajua maji yetu yalivyo. Na masika yakianza, nafuu yake hupungua.

Lakini msiuziwe feni hiyo kwa jina la kiyoyozi. Kifaa kisicho na bomba au sehemu ya kutolea joto nje si kiyoyozi, hata sanduku lake liandikweje.

Dai risiti, na soma kibandiko cha ampea kabla ya kulipa. Kama tatizo ni volti za mtandao, peleka lalamiko TANESCO kwa maandishi, pamoja na namba ya mita na saa za tukio, ubaki na nakala. Usiporidhika, lifikishe EWURA, ambayo makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma.