Mbwa Mpole Anapogeuka Mkali

Mbwa aliyezoea kucheza na wenzake hawageukii ghafla bila sababu. Huenda ana jino bovu, sikio linamuuma, au uzee umempunguzia macho, akisogelewa hujihami. Lakini huenda pia ni kichaa cha mbwa, hasa akitokwa na mate mengi, akiyumba au akishindwa kumeza. Asipigwe wala kushikwa. Afungiwe peke yake, na daktari wa mifugo aarifiwe mara moja. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Dalili zikishamwanza binadamu, hakuna tiba. Mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka.