Tazama Matundu Kabla ya Namba

Msikilizaji, ukiulizia DAC ya bei nafuu, cha kwanza utakachoonyeshwa ni namba. Kiboksi kinaenea kiganjani, lakini kimeandikwa biti 32, kilohazi 384, kingine 768. Kazi yake ni kuupokea muziki uliohifadhiwa kidijitali na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ule ambao amplifaya inaukuza na spika inautoa kama sauti. Muuzaji atakuapia kwamba namba ikiwa kubwa, sauti nayo inakuwa tamu. Leo nabishana na muuzaji huyo.

Sidi ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walikuwa wamekubaliana sauti ipimwe mara 44,100 kila sekunde, yaani kilohazi 44.1, kwa biti 16. Hawakuokota namba hiyo barabarani. Sikio la kijana mzima hunasa mitetemo hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na wanahisabati walishaonyesha kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya hapo, umeipata sauti yote inayosikika. Kijana, nasema. Sisi tuliokwisha kuvuka arobaini, mitetemo 15,000 tu ni majaliwa.

Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society. Walipiga diski za kiwango cha juu, mara zikisikika moja kwa moja, mara zikipitishwa kwenye mashine inayozishusha hadi kiwango cha sidi, kisha wakawauliza wasikilizaji ni ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hata ungerusha shilingi juu ungepata hayo hayo. Sasa hiyo 768 unamnunulia nani, popo?

Ubishi mwingine ni wa chipu iliyo ndani ya DAC. Mmoja anaapa kwa AKM ya Japani, mwenziwe kwa ESS ya Marekani. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka kiliungua moto kwa siku kadhaa, chipu zikaadimika dunia nzima. Topping ya China, iliyokuwa ikitumia AKM kwenye DAC yake ya D90, ikaja na toleo lenye ESS. Waliopima matoleo yote mawili kwa mitambo waliona tofauti kwenye grafu, tofauti ndogo kiasi kwamba sikio haliifikii.

Na DAC moja unayo tayari. Simu inayo, runinga inayo, king'amuzi kinacho. Hata kile kiwaya cha Apple cha kuchomekea hedifoni kwenye simu isiyo na tundu, kinachouzwa dola 9 huko Marekani, kina DAC ndani ya plagi yake, na vipimo vyake ni safi. Kwa nini basi uongeze nyingine?

Kwa sababu ya matundu. Hapo ndipo pesa yako ina kazi. Umenunua runinga bapa mpya, sabufa au amplifaya yako ya zamani ina matundu mekundu na meupe, na runinga haina hayo. Nyuma yake ina katundu ka mraba kenye kimlango, ukikisukuma unaona taa nyekundu. Hiyo ndiyo njia ya mwanga. Unahitaji DAC yenye tundu kama hilo upande mmoja, na nyekundu na nyeupe upande wa pili. Kama muziki wako uko kwenye kompyuta, tafuta yenye USB. Kama una vyote viwili, tafuta yenye matundu yote hayo na kitufe cha kuchagua.

Njia ya mwanga ina faida nyingine. Kompyuta ikichomekwa chaja na kuunganishwa na amplifaya kwa waya wa kawaida, mara nyingi spika huanza kuunguruma, kwa sababu umeme unazunguka kupitia waya wa ethi. Waya wa mwanga ni plastiki tupu, haupitishi umeme, na muungurumo wa njia hiyo unakatika. Kama kompyuta yako ina tundu hilo, litumie.

Namba moja kwenye boksi naiheshimu: volti 2. Ndicho kipimo ambacho amplifaya nyingi za nyumbani zinakitarajia. Kifaa kinachotoa nusu volti kitakulazimisha uzungushe kitasa cha sauti hadi karibu na mwisho.

Dukani, muuzaji akikulinganishia DAC mbili, shika kitasa mwenyewe. Sikio la binadamu linaghilibika: sauti ikizidi kidogo tu, tunaiona tamu zaidi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Sawazisha kwanza, ndipo usikilize.

Ukifika nyumbani, toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha mbili za waya wa mwanga. Ni vidogo, havina rangi, na watu wengi huviacha humo kisha wakarudisha mzigo dukani wakilalamika. Halafu ingia kwenye menyu ya runinga, sehemu ya sauti ya kidijitali, uchague PCM. Ukiiacha kwenye Dolby, DAC nyingi za bei nafuu haziielewi. Utapata kimya au kelele za kukwaruza.

Jambo la mwisho ulichunguze kabla hujalipa. Runinga nyingi zikitoa sauti kwa njia ya mwanga, rimoti zake hazipandishi wala hazishushi tena sauti hiyo. Kama amplifaya yako haina rimoti, nunua DAC yenye kitasa au rimoti yake, la sivyo kila tangazo la biashara litakalopiga kelele litakuinua kwenye kochi.