Kabla ya Kuuliza Kaliba: Mada Kuhusu Bunduki za Shabaha za Masafa ya Mbali Sana



Tangu nianze kukaa na walenga shabaha, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Nataka kupiga mbali, kilomita mbili, tatu. Ninunue kaliba gani?" Muulizaji huwa tayari ana jibu lake moyoni, nalo ni .50, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote anazozijua. Leo nataka kumrudisha hatua mbili nyuma. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu tu. Kinachosafiri ni kichwa cha risasi, nacho kina urefu, uzito na umbo, mambo matatu ambayo namba ya kaliba haikuambii.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulichanganya jambo hili. Bunduki kubwa tuliyoisikia tangu utotoni ni ya tembo: .470 ya mitutu miwili, yenye kichwa cha gramu 32 kilicho butu kama kidole gumba. Ilitengenezwa kumsimamisha mnyama aliye hatua thelathini mbele yako, naye anakuja. Kwenye mita 1,000 haina tofauti kubwa na jiwe la manati. Na hata kwa tembo ukubwa haukuwa kila kitu. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 hadi akabandikwa jina la "Karamojo", aliua mamia ya tembo kwa .275 Rigby, kaliba ya milimita 7 ambayo wengine wangeiona ya kuwindia swala. Simsifu kwa hesabu ya tembo. Namtaja kwa kuwa alijua risasi yake inapita wapi ndani ya fuvu, na kwa hiyo hakuhitaji mtutu mpana.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Uingereza, mwaka 1857. Jeshi la huko lilikuwa na bunduki ya Enfield ya kaliba .577, karibu milimita 15. Joseph Whitworth, mhandisi wa mashine aliyejulikana kwa vipimo vyake vya uhakika, alileta yake ya kaliba .451, yaani milimita 11 na nusu. Risasi zote mbili zilikuwa na uzito uleule, takriban gramu 34. Ziliposhindanishwa Hythe kwa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa sentimita 68 kutoka katikati; za Whitworth sentimita 11. Kufika yadi 1,400 Enfield haikuwa tena na matokeo ya kuandikwa.

Risasi ni ileile kwa mizani, mtutu ni mwembamba zaidi, na bado yenye mtutu mwembamba ndiyo iliyoshinda. Sababu ni kwamba Whitworth aliichukua risasi ileile akaivuta ikawa ndefu. Kitu kirefu na chembamba hupasua hewa kwa wepesi kuliko kifupi na kipana chenye uzito sawa. Lakini kitu kirefu pia hupenda kupinduka, kwa hiyo ni lazima kizungushwe kwa kasi, kama pia ya watoto ambayo ikipungua mzunguko huanza kulewa. Mtutu wa Enfield uliizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 78; wa Whitworth, uliokuwa na tundu la pembe sita, mara moja kwa kila inchi 20. Jeshi halikuifanya silaha yake rasmi. Ilikuwa ghali mno na ilichafuka upesi kwa masizi ya baruti ya siku hizo. Walenga shabaha, watu wasiokuwa na haraka ya vita, waliipenda. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha kulenga shabaha, Wimbledon, kwa kuvuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye triga ya Whitworth iliyotegeshwa kwenye kiunzi. Umbali ulikuwa yadi 400, na risasi ikaangukia kama sentimita tatu tu kutoka katikati.

Tuje sasa kwenye namba za leo. Risasi ya kisasa hutoka mtutuni ikiwa na kasi ya mara mbili na nusu ya sauti hivi. Hewa inaikaba njia nzima. Inapokaribia kasi ya sauti yenyewe, takriban mita 340 kwa sekunde, mawimbi ya mshtuko huhamahama juu ya mwili wake, na kichwa ambacho hakikutulia vizuri huanza kuyumba. Kuanzia hapo kutabiri ni kubahatisha. Kwa hiyo mimi huuliza: hii bunduki, na hii risasi hasa, inafika wapi kabla ya kuanguka chini ya sauti? Karibu na usawa wa bahari, .308 ya kawaida huishia kati ya mita 900 na 1,000. .338 Lapua Magnum yenye kichwa kizito hufika mita 1,500 hivi. .375 CheyTac hupita 2,000.

Na .50 je? Inategemea. John Browning alianza kuibuni mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia kwa ajili ya bunduki rashasha, na risasi ya kawaida ya jeshi inakusudiwa kufanya kazi ya rashasha: kumwagwa kwa wingi. Hiyo huishiwa pumzi karibu palepale .338 inapoishiwa. Weka katika mtutu huohuo kichwa cha shabaha cha gramu 48, kirefu na chenye ncha kali, nawe umepata mamia ya mita zaidi. Kaliba haikubadilika hata chembe.

Nimesema karibu na usawa wa bahari kwa makusudi. Raton, New Mexico, ambako yamefanyika mashindano ya King of 2 Miles, yaani Mfalme wa Maili Mbili, kupo mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Jedwali la mwendo wa risasi lililoandikwa Raton halitamfaa mtu wa Dar es Salaam. Wa Nairobi, aliye juu ya mita 1,600, atakaribia. Wauzaji hawapendi kulisema hili.

Maili mbili ni mita 3,219. Kwenye masafa hayo risasi hukaa hewani zaidi ya sekunde tano, na katika muda huo huanguka zaidi ya mita mia moja chini ya mstari ulioelekezwa na mtutu. Ikiwa risasi moja imetoka na kasi pungufu ya mita 10 kwa sekunde kuliko mwenzake, tofauti ambayo kwa mita 300 usingeiona, huko mbele itapiga mita mbili au zaidi chini. Ndiyo maana waliofanya vizuri katika mashindano hayo wengi wametumia .375 na .416 badala ya .50, wakizipakia wenyewe kwa mizani ya dawa, kwa vichwa vya shaba nyekundu vilivyochongwa kimoja kimoja kwenye mashine ya kukereza. Uwiano wa risasi na risasi unawafaa kuliko ukubwa. Nyuma yao hukaa wenzao wenye darubini, kazi yao kusoma upepo: vumbi, majani, mawimbi ya joto yanayoyumba juu ya ardhi. Upepo wa bondeni unaweza kuvuma kushoto huku wa mlimani ukienda kulia, na risasi inapita katika pepo zote mbili.

Kuhusu .416 kuna kisa kidogo. California ilitunga sheria mwaka 2004 iliyozuia raia kununua bunduki mpya za .50 BMG, ile ya Browning, ikaanza kutumika Januari 2005. Mwaka huohuo kiwanda cha Barrett kilitoa .416, ambayo ganda lake ni lile la .50 lililofupishwa na kubanwa shingo. Inapiga kichwa chembamba zaidi kwa kasi kubwa zaidi. Sijui kama Whitworth angecheka au angedai haki yake.

Gharama nitazipitia haraka, maana kila mtu huzijua baada ya kununua. Mtutu wa .308 huvumilia risasi elfu kadhaa, wa .375 CheyTac huanza kuchoka karibu na elfu moja. Bunduki ya .50 kama Barrett M82 ina kilo 14, na anayeibeba kutoka kwenye gari hadi sehemu ya kupigia anaelewa maana yake. Kipunguza teke kilicho mdomoni mwa mtutu hulinda bega la mpigaji kwa kumrushia jirani yake kishindo na vumbi, kwa hiyo ziba masikio mara mbili na mpange jirani nyuma yako, si kando. Juu ya nyusi yangu ya kulia kuna kovu. Sitataja kiwanja. Niliazimwa bunduki nzito nikaisogelea darubini kwa uroho wa kuona shabaha vizuri, na teke lake likanifundisha umbali wa jicho kwa somo moja tu.

Ninalotaka kukaa nalo kabla ya kumaliza ni kiwanja. Risasi ya .50 BMG iliyopigwa kwa pembe ya juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita sita. Kwa shabaha ya mita 2,000, hesabu ya usalama haishii kwenye shabaha. Inaendelea nyuma yake na pembeni yake, kwenye mashamba, njia za ng'ombe, na kijiji ambacho kwenye ramani ya zamani hakipo. Raton wana mabonde na vilima vinavyomeza risasi. Viwanja vyetu vingi vilipimwa kwa .22 na .308, na matuta yake ya udongo yalijengwa kwa hizo. Leseni unaweza kuipata kwa kufuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kwa hapa Tanzania, lakini leseni haiongezi urefu wa tuta. Baadhi yenu ni wasimamizi wa viwanja na mtaletewa bunduki hizi kabla hamjajiandaa.

Kwa hiyo, katika majadiliano ya mchana huu, atakayesimama kuniuliza kaliba ajiandae na maswali yangu kwanza: kiwanja chake kina mita ngapi, kiko juu ya bahari kwa kiasi gani, na nyuma ya shabaha kuna nini.