Mashine Bila Nesi



Hospitali ikipata mashine ya kupumulia, watu hufurahi, na wana haki. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga vyumba vya wagonjwa mahututi. Utepe ulikatwa, picha tukaziona. Leo namzungumzia mtu asiyekuwamo katika picha hizo: nesi wa zamu ya usiku.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Karatu kikazi, nikaomba nafasi katika gari la wagonjwa lililokuwa likienda Arusha. Mgonjwa alikuwa kijana kutoka upande wa Endulen, Ngorongoro, aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa. Alikuwa na mpira kooni, hawezi kupumua mwenyewe. Garini hamkuwa na mashine. Mlikuwa na nesi mmoja na ule mfuko wa kuminya kwa mkono wanaouita ambu.

Tukiteremka ukingo wa bonde kuelekea Mto wa Mbu, makohozi yakajaa kwenye mpira. Nesi akaniambia: "Kaka, nishikie mgonjwa nitayarishe vifaa. Hesabu mpaka tano, minya, achia. Usiharakishe."

Nilishika. Nikamwachia ayavute makohozi, nikashika tena. Kabla ya Makuyuni vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mtu mzima hupewa pumzi 10 hadi 12 kwa dakika. Kwa safari ya saa mbili na nusu hiyo ni kuminya si chini ya mara 1,500.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoushika mji wa Copenhagen, Denmark, daktari Bjørn Ibsen alitumia njia hiyo hiyo, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana mifuko usiku na mchana mpaka wagonjwa wengi wakaokoka. Wao walikuwa na zamu. Nesi wetu alikuwa na mwandishi wa habari.

Msidhani mashine inamaliza kazi hiyo. Mashine haimgeuzi mgonjwa asipate vidonda, haimsafishi kinywa, haivuti makohozi. Mpira ukiziba inapiga kelele tu, na kelele hizo zinahitaji mtu anayezielewa. Umeme ukikatika na betri ikaisha, nesi anarudi kwenye ambu. Ndiyo maana Uingereza kanuni ni nesi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Mimi nimemkuta nesi mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, ana mgonjwa wa namna hiyo na wodi nzima juu yake.

Najua wapo watakaosema manesi wana midomo mikali. Wapo, na mimi nimeshafokewa. Lakini nani kati yetu angekuwa mpole saa tisa za usiku katika hali hiyo?

Kijana yule tulimfikisha Arusha akiwa hai. Nesi aliosha mikono, akamwuliza dereva kama mafuta yanatosha, kwani zamu yake Karatu ilikuwa haijakwisha.

Basi diwani wako akikueleza habari ya mashine mpya, muulize usiku inaangaliwa na manesi wangapi, wamefunzwa wapi, na gari la wagonjwa mahututi linatoka na manesi wawili au mmoja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.